Dubai – Guangzhou: umbali ni uleule, kwa nini kwenda masaa saba na kurudi karibu tisa?

MzigoKwanza

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa maonyesho ya Canton (yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou) unapokaribia, swali ni lilelile kutoka kwa wateja wa Kariakoo, Mwanza, mpaka Lubumbashi: "Dubai mpaka Guangzhou ni masaa mangapi?" Wengine hawaulizi. Wananitumia picha ya tiketi wakiwa wameshapiga hesabu yao wenyewe, na hesabu imeenda upande. Mtu anamwambia mwenyeji wake afike uwanjani wakati ndege bado iko juu ya Uhindi. Kazi yangu ni kupokea watu na kusafirisha mizigo kati ya miji hii miwili, kwa hiyo jambo hili linanigusa sana. Naomba niliweke hapa kwa kirefu, atakayekuja kuuliza nimpe huu uzi asome.

Anzeni na tiketi. Tuseme imeandikwa kuondoka Dubai 10:50, kufika Guangzhou 22:00. Ukitoa moja kwa moja unapata masaa 11 na dakika 10. Kurudi imeandikwa kuondoka Guangzhou 00:15, kufika Dubai 04:55. Ukitoa unapata masaa 4 na dakika 40. Mtu akiona hivyo anasema ndege ya kurudi inakimbia zaidi ya mara mbili ya ile ya kwenda. Ukweli ni kwamba kwenda ametumia masaa 7 na dakika 10, kurudi ametumia masaa 8 na dakika 40.

Saa za kwenye tiketi siku zote ni saa za mji unaotajwa pale. Dubai iko masaa 4 mbele ya Greenwich. China nzima, kuanzia mpaka wa Kazakhstan hadi bahari ya mashariki, inatumia saa moja tu, masaa 8 mbele ya Greenwich. Kati ya Dubai na Guangzhou kuna tofauti ya masaa 4. Ukienda mashariki, toa masaa 4 kwenye hesabu yako. Ukirudi magharibi, ongeza masaa 4. Sisi wa Dar, Nairobi na Kampala tuko masaa 3 mbele ya Greenwich, kwa hiyo Guangzhou imetutangulia kwa masaa 5, na Dubai kwa saa 1.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hasa akina mama wanaosafiri mara ya kwanza. Tiketi inatumia saa 24, sisi tunahesabu kutoka alfajiri na magharibi. Hiyo 10:50 ni saa nne na dakika hamsini asubuhi. Hiyo 22:00 ni saa nne usiku. Na hiyo 00:15 ni saa sita na robo usiku, ambapo tarehe imeshageuka. Ukiambiwa ndege ni tarehe 6 saa 00:15, maana yake jioni ya tarehe 5 uwe uwanjani. Hapa ndipo wengi wanapoachwa na ndege, na wanaachwa wakiwa wamelala hotelini Xiaobei (mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi) na mabegi yamefungwa vizuri kabisa. Chukua kalamu, andika pembeni ya kila saa tafsiri yake kwa saa zetu, na andika siku yenyewe: "Jumatano usiku, kuamkia Alhamisi."

Sasa umbali. Kutoka uwanja wa DXB hadi Baiyun wa Guangzhou ni kama kilomita 5,840 kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Baadhi ya vikokotoo vitakupa 5,830. Tofauti inatokana na kikokotoo kuichukulia dunia kama mpira kamili au kama ilivyo, yaani iliyobinyika kidogo kwenye ncha zake. Msigombane kwa kilomita kumi.

Ndege kubwa za safari ndefu zinapokuwa juu zinakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 5,840 kwa 900, unapata masaa 6 na nusu. Lakini tiketi inahesabu kuanzia ndege inapoachia geti hadi inaposimama kwenye geti la upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutembea ardhini, foleni ya kuruka (Dubai ndege zinapishana kwa dakika chache), kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kuzungushwa angani wakati Baiyun imejaa. Yote hayo wekeni kama saa moja.

Kilichobaki ni upepo. Juu kabisa ambako ndege hizi zinaruka, mita 10,000 na zaidi, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya Desemba hadi Februari mkondo huo unateremka kusini, unapita juu ya kaskazini ya Uarabuni, kaskazini ya Uhindi, chini kidogo ya milima ya Himalaya, kisha unaingia kusini ya China. Hiyo ndiyo njia yetu yenyewe. Katikati yake upepo unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Sasa tuseme kwa wastani wa njia nzima ndege inapata msaada wa kilomita 100 kwa saa: kasi yake juu ya ardhi inakuwa 1,000, na safari inakuwa masaa 5 na dakika 50 angani. Kurudi upepo huohuo unaipiga usoni, kasi inashuka hadi 800, na umbali uleule unachukua masaa 7 na dakika 18. Ongeza ile saa moja ya ardhini na ya kupanda na kushuka, unakaribia namba za kwenye tiketi.

Miezi ya Juni hadi Agosti mambo yanabadilika. Mkondo huo unahama kwenda kaskazini ya uwanda wa Tibet, na juu ya Uhindi ya kusini upepo wa juu unageuka kabisa, unatoka mashariki. Ndiyo maana tofauti ya kwenda na kurudi inapungua wakati wa kiangazi cha kwao. Ukikata tiketi ya Januari na ya Julai ukaona dakika hazilingani, usiseme umeibiwa.

Kwa hiyo jibu langu: kwenda hesabu masaa 7 hadi 7 na nusu, kurudi masaa 8 hadi 8 na dakika 45, kwa ndege ya moja kwa moja. Emirates na China Southern wote wamekuwa wakiruka njia hii bila kutua popote. Ukipewa safari ya masaa 14, ujue kuna mji unatua katikati.

Wenye maswali karibuni.

FundiRamani

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mpima ardhi, naomba niongeze upande wa ramani kwa sababu swali hili nalipenda.

Watu wakitazama ramani ya ukutani wanaona Dubai na Guangzhou karibu ziko kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini, Guangzhou nyuzi 23 na kidogo. Wanasema basi ndege ingenyoosha tu. Lakini mstari mfupi juu ya tufe haufuati latitudo, unapinda kuelekea ncha iliyo karibu, na kwetu hapa ni kaskazini.

Pigeni hesabu na mimi. Longitudo ya Dubai ni 55.4, ya Guangzhou 113.3. Tofauti ni nyuzi 57.9. Kwenye ikweta kila nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111, lakini ukipanda hadi latitudo ya 24 inapungua hadi kama kilomita 101.4. Zidisha: unapata kama 5,870. Mstari uliopinda ni 5,840 au pungufu kidogo. Kwa hiyo kupinda kote huko kunaokoa kilomita 30 au 40, ambazo kwa ndege ni dakika mbili au tatu. Huku chini karibu na Tropiki ya Kansa faida ni ndogo. Ukipanda kwenye latitudo za Moscow na Tokyo ndipo mstari uliopinda unapookoa mamia ya kilomita.

Mstari wenyewe ukiuchora unapita hivi: unavuka Ghuba ya Oman, unagusa pwani ya Makran ya Iran, unaingia Sindh ya Pakistan, tambarare za kaskazini ya Uhindi karibu na Lucknow, kusini ya Nepal, pembeni ya Bhutan, Assam, kaskazini kabisa ya Myanmar, halafu Yunnan karibu sana na Kunming, ndipo unateremka Guangzhou. Sehemu yake ya juu kabisa ni nyuzi 27 na nusu hivi. Mlima Everest uko kilomita zisizofika 100 kaskazini ya mstari huo.

Marubani hawaufuati kama ulivyo. Wanafuata njia za anga zilizopangwa, na mara nyingi wanakaa kusini yake kidogo, wanapita Bangladesh na katikati ya Myanmar.

BintiMvita

Asante kaka MzigoKwanza. Mimi naenda kwa vitambaa, soko la Zhongda, napitia Dubai kwa sababu nina wateja Naif. Nina swali la mwezi wa Ramadhani na nimeuliza watu wengi nikapewa majibu tofauti. Nikifunga Dubai, nikapanda hiyo ndege ya asubuhi, nafungua kwa saa ya wapi? Ya Dubai, ya Guangzhou, au namfuata mhudumu wa ndege?

MuscatKwetu

Dada yangu BintiMvita, salaamu alaykum. Mimi niko Muscat, asili yetu Unguja. Suala hili huku Ghuba limezungumzwa sana. Walilolishika masheikh wengi ni kwamba unafungua jua linapozama pale ulipo wewe, kwa unavyoliona kutoka dirishani. Huangalii saa ya ulikotoka wala ya unakokwenda. Na ukiwa juu unaliona jua muda mrefu zaidi kuliko aliye chini yako ardhini, kwa hiyo rubani akitangaza kwamba mji ulio chini wamefungua, na wewe jua bado unaliona, unasubiri. Mwaka 2011 Dubai walitoa fatwa kwa wakazi wa Burj Khalifa: wa ghorofa ya 80 kwenda juu wasubiri dakika mbili zaidi, wa juu ya 150 dakika tatu. Ndege iko juu zaidi ya jengo lolote.

Na msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, hilo unalijua.

FundiRamani

Dada BintiMvita, naomba nikupe na hesabu yake, maana inapendeza. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ndege yako inakwenda mashariki na inakata kama nyuzi 8 za longitudo kwa saa. Unalikimbia jua, kwa hiyo kwako linatembea kama nyuzi 23 kwa saa badala ya 15. Ukiondoka Dubai saa tano kasoro asubuhi mwezi Machi, kama ungebaki Dubai ungesubiri magharibi kwa masaa saba na nusu hivi. Ndani ya ndege jua linazama baada ya masaa matano hivi, mkiwa mnaingia Myanmar. Saumu imepungua kama masaa mawili na nusu.

Kurudi wengi mnarudi usiku wa manane, giza linawafuata njia nzima. Usiku unarefuka, daku una muda wa kutosha.

BintiMvita

Mashaallah. Hili la masaa matano sikuwahi kuelezwa na mtu. Nitabeba tende zangu mkononi, nisisubiri chakula cha ndege.

NyotaYaKahama

Wakuu mimi nataka kusema jambo limenikaa rohoni, na liwe funzo kwa wanaokata tiketi mbili.

Dada yangu wa tumbo moja ana duka la vyombo. Wakala mmoja wa tiketi mjini alimkatia tiketi mbili tofauti kwa sababu ni nafuu: ya kwanza Dar hadi Dubai kwa shirika moja, ya pili Dubai hadi Guangzhou kwa shirika jingine. Wakala akamwambia katikati kuna masaa matatu, yanatosha. Hakumwambia kwamba mashirika hayo mawili yako kwenye majengo tofauti ya uwanja. Hakumwambia kwamba begi halitapelekwa mbele, lazima alitoe mwenyewe. Na ili alitoe lazima apite uhamiaji, na ili apite uhamiaji lazima awe na viza ya Emirati, ambayo hakuwa nayo.

Alikaa kwenye kaunta ya wanaounganisha ndege tangu usiku mpaka mchana. Begi lake analiona kwenye mfumo, yule binti wa kaunta anamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe liko wapi, lakini kulifikia hawezi. Ndege ya pili ikaondoka. Tiketi ile haikurudishwa hata shilingi, kwa sababu kwa shirika la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea. Alilipa mpya kwa bei ya siku hiyo. Awamu ya pili ya Canton, ile ya vyombo vya nyumbani na zawadi, ni siku tano tu, na siku ya kwanza ikampita akiwa Dubai.

Alikuwa amekopa Vicoba kwa safari ile. Nalisema kwa uchungu.

MzigoKwanza

Pole sana mkuu, na mfikishie pole dada. Hili ndilo jambo ninaloomba kila mtu alisome mara mbili. Masaa ya angani ukiyakosea kwa nusu saa haidhuru. Yanayoumiza ni masaa ya katikati.

Ukiwa na tiketi moja, namba moja ya kumbukumbu kutoka Dar hadi Guangzhou, begi linafungwa lebo ya CAN (herufi za uwanja wa Guangzhou) pale pale Dar, wewe Dubai unapita ukaguzi wa usalama tu na kutafuta geti. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukuweka kwenye inayofuata. Hapo masaa mawili na nusu au matatu yanatosha, ingawa Dubai kutembea toka geti la mwisho hadi jingine, pamoja na treni ya ndani, kunaweza kula dakika 40. Angalia lebo ya begi kwa macho yako kabla haijaondoka kwenye mkanda: kama mwisho umeandikwa DXB wakati wewe unakwenda CAN, simamisha hapohapo.

Ukiwa na tiketi mbili, wewe ni msafiri mpya Dubai. Unahitaji viza ya kupita. Zipo za masaa 48 na za masaa 96, na zinaombwa kabla ya safari. Weka pengo la nusu siku, au lala usiku mmoja Deira ufanye na manunuzi yako.

Na kwa sisi tunaotoka Dar, tazameni pia kama Dubai mnaihitaji kweli. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 3,980. Ongeza 5,840, jumla ni kama 9,800. Dar hadi Guangzhou kwa mstari wa moja kwa moja ni kama 8,700. Kupitia Dubai unaongeza kilomita 1,100, ambazo ni zaidi ya saa moja angani, bado hujahesabu kusubiri. Air Tanzania wamekuwa wakiruka moja kwa moja kwa Dreamliner, na Kenya Airways wanatoka Nairobi. Mwenye kazi Dubai apitie Dubai. Asiye na kazi Dubai aangalie ratiba ya moja kwa moja kwanza.

Mto_Ruvu

Mkuu FundiRamani, ulisema marubani wanakaa kusini ya mstari. Ni kwa sababu ya milima? Nilidhani ndege inapita juu ya mlima wowote.

FundiRamani

Inapita juu bila shida. Everest ni mita 8,849, ndege iko 10,000 na zaidi. Tatizo ni siku mambo yakiharibika. Hewa ya ndani ikivuja, rubani anatakiwa kushuka haraka hadi kama mita 3,000, ambako binadamu anapumua bila kifaa. Vile vinyago vinavyodondoka juu ya kiti vinatoa oksijeni kwa robo saa hivi, ndege nyingine zaidi kidogo. Sasa uwanda wa Tibet wenyewe, ardhi yake, ni mita 4,000 na zaidi, kwa mamia ya kilomita. Huna pa kushukia. Ndege zinazokatiza huko zinabeba oksijeni ya ziada na zinafuata njia maalumu zenye sehemu za kutorokea. Kwa Dubai na Guangzhou hakuna sababu ya kujitafutia hayo, maana kusini kuna tambarare na umbali unaongezeka kidogo tu.

Kinachobadilisha njia hii zaidi ni siasa za anga. Tarehe 27 Februari 2019 Pakistan ilifunga anga yake, na ilifunguliwa kikamilifu tarehe 16 Julai mwaka huo. Ndege zilizokuwa zinapita pale zilizungukia kwingine, masaa yakaongezeka na mafuta pia. Aprili 2025 Uhindi na Pakistan zilifungiana tena, lakini safari hii kila nchi ilizuia mashirika ya mwenzake. Mashirika ya Ghuba na ya China hayakuwemo kwenye zuio hilo. Kwa hiyo ndege mbili zinaweza kutoka Dubai siku moja kwenda upande mmoja, na moja ikachukua muda mrefu kwa sababu ya bendera iliyochorwa mkiani.

MuscatKwetu

Naomba niongeze kwenye upepo alioueleza ndugu MzigoKwanza. Wazee wetu walikuwa hawaulizi Muscat hadi Unguja ni siku ngapi bila kutaja msimu. Kaskazi inakupeleka, kusi inakurudisha, na jahazi likichelewa kuondoka linasubiri miezi. Huko juu ni hivyohivyo, ila mkondo wa angani haugeuki wote kama zile pepo za bahari, unahama njia na kupungua nguvu.

Na anayekwenda miezi ya baridi, achukue dirisha la kushoto, kiti A. Masaa matatu au manne baada ya kuruka, anga ikiwa safi, Himalaya inasimama upande wa kaskazini ukuta mzima. Chini kuna ukungu wa kijivu wa tambarare za Ganga, huoni hata mji. Juu ya ukungu ule theluji imenyooka, kilele baada ya kilele, na jua la mchana limeipiga upande wa kusini ulio kwako. Watu wengi wameteremsha vizuizi vya dirisha wanatazama filamu. Pandisha, tazama. Ukikaa kulia utaona ukungu tu.

Mto_Ruvu

Nimeelewa vizuri sana. Mbarikiwe.

ChaiMaharage

Kiongozi, na ukishatua Baiyun? Mimi natua hiyo saa nne usiku. Nitakuwa Xiaobei saa ngapi?

MzigoKwanza

Usitegemee kabla ya saa saba usiku. Baiyun iko karibu kilomita 30 kaskazini ya mji. Ukishuka unakwenda uhamiaji, unapigwa alama za vidole na picha, na ndege kubwa ikiwa imejaa foleni inaweza kukuchukua saa nzima. Kisha mabegi, kisha forodha. Treni za mwisho za metro ni kuelekea saa tano usiku, kwa hiyo wengi wa ndege hiyo wanaikosa. Panga foleni rasmi ya teksi nje, usimfuate mtu anayekuita pembeni ndani ya ukumbi. Uwe na jina la hoteli limeandikwa kwa herufi za Kichina kwenye karatasi, maana madereva wengi hawasomi herufi zetu na simu yako inaweza kuwa bado haina intaneti.

Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Anayefikia kwa ndugu kwenye nyumba ya kupanga, sheria inamtaka ajiandikishe kituo cha polisi ndani ya masaa 24. Watu wanalichukulia jambo hili kirahisi, halafu linawarudi siku ya kuomba kuongeza viza.

Na kwa kuwa kwenye PM (ujumbe wa faragha) umeniuliza habari za kurudi: pauabenki zote ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi kubwa. Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Ukiwa unaruka ndani ya China, tuseme kwenda Yiwu, tangu tarehe 28 Juni 2025 lazima iwe na alama ya 3C (alama ya usalama ya China). Za bei poa zisizo na alama hiyo zinachukuliwa pale kwenye ukaguzi. Biashara ya pauabenki iende kwa njia ya mizigo, wala usiibebe kwenye begi.

ChaiMaharage

Shukrani mkuu. Mimi nalenga awamu ya pili, tarehe 23 hadi 27 Aprili. Nimeona tiketi ya kuondoka Dubai tarehe 22 asubuhi. Nikate?

MzigoKwanza

Kata ya tarehe 21 kama bei haijapishana sana. Ya tarehe 22 inakutua saa nne usiku, unalala saa nane. Maonyesho yako Pazhou, upande wa pili wa mto, na asubuhi ya kwanza kuna foleni ya beji na ya ukaguzi, kwa hiyo unatakiwa kuwa njiani saa mbili asubuhi. Saa mbili ya Guangzhou ni saa tisa usiku kwa mwili wako uliotoka Dar. Utakuwa unajadiliana bei ya kontena la vyombo huku macho yanafumba, na wauzaji wa pale wanaona.

Ukitua 21, siku ya 22 unachukua beji mchana, unabadili fedha, unapata laini ya simu, unalala mapema. Ukimaliza maonyesho tarehe 27, usikate ya kurudi ya usiku huohuo. Bado utataka kwenda Foshan kuangalia viwanda, na ile ndege ya 00:15 inayoandikwa tarehe 28 inaondoka usiku wa 27. Tafuta iliyoandikwa tarehe 30, uondoke usiku wa 29, uko Dubai alfajiri, na ya Dar unaunganisha asubuhi.

Nitumie picha ya tiketi kabla hujalipa, nikuangalizie saa na lebo ya mwisho ya begi.